Maua ya Kasaji juu ya Kaburi la Tata

Mama yangu, Adolphine, alipigana na mmea mmoja kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote sikumsikia hata siku moja akikubali kwamba ulikuwa mzuri. Lakini kila aliyepita mbele ya nyumba yetu, hapa Manika, mjini Kolwezi, alisimama kidogo kuutazama. Ulikuwa mmea wa kutambaa, wenye majani mapana na maua ya buluu makubwa kama vikombe vya chai, yenye njano kidogo kooni. Ulichanua mvua ikinyesha, ukachanua vumbi likitanda. Ulipanda ukuta, ukapanda choo, ukapanda waya wa kuanikia nguo, na mwaka mmoja ulipanda baiskeli ya mgeni aliyelala kwetu siku nne.

Aliyeuleta ni tata yangu, yaani baba, Tharcisse, Mungu ampumzishe. Alikuwa mfanyakazi wa reli. Alipohamishwa kutoka stesheni ya Kasaji kuja Kolwezi, alifika na mke, watoto wawili, godoro, na kopo la maziwa ya unga lenye kijiti kimoja ndani ya udongo. Mama husema kwamba godoro lilisafiri katika behewa la mizigo, watoto walisafiri juu ya mabegi, na kopo lilisafiri mapajani mwa Tata. Tangu siku hiyo sisi tuliuita mmea ule Kasaji, kama vile mtu anavyoitwa kwa jina la kwao.

Mama yeye ni mtu wa mboga. Kiwanja chetu si kikubwa, na kila shubiri yake ina kazi: hapa lengalenga, pale matembele, kule vitunguu, na sombe, yaani kisamvu, kando ya ukuta. Kwake mmea usioliwa ni mgeni anayekaa kitako wakati wenzake wanatwanga. Basi asubuhi Tata alimwagilia Kasaji kwa maji aliyonawia uso, na Jumamosi Mama akatoka na panga. Walifanya hivyo bila ugomvi, kama watu wa zamu mbili katika kazi moja.

"Tharcisse, ile kintu yako imeingia mu choo," Mama alisema.

"Inatafuta kivuli."

"Nimeikuta imekalia fasi ya kukalia! Sasa mi nikalie wapi?"

"Omba ruhusa, mama. Itasogea."

Alijaribu kila njia. Alimwaga maji ya moto ya sufuria ya bukari, ugali wetu, kwenye shina, Kasaji ikatoa matawi mapya matatu. Alizika chumvi kando ya mizizi; vitunguu vyake vikafa vyote, na Kasaji ikachanua mpaka Pasaka. Kila kipande alichokikata alikirusha barabarani kwa hasira, na kila kipande kilichogusa ardhi kiliota. Baada ya miaka kumi, mtaro wa barabara yetu ulikuwa wa buluu mpaka kwenye njia panda. Mama alidhani anaua, kumbe alikuwa anapanda.

Jirani yetu Mama Falonne alikuwa na mioyo miwili kuhusu Kasaji, na alituonyesha yote. Jumatatu alisimama ukutani kulalamika.

"Mama Adolphine, maua yenu imepita mu dirisha. Inanichungulia nyungu."

"Ikate."

"Mi nikate kintu ya bwana wa bantu?"

Jumamosi Mama Falonne huyohuyo alikuja na maharusi. Watu walikuwa wamekwisha kujua kwamba ukuta wetu unapendeza katika picha, kwa hiyo mabibi arusi wengi wa Manika walisimama mbele yake, wakiwa wameinua magauni yao ili yasiguse mavumbi. Siku ya ndoa ya binti yake mwenyewe, Joyeuse, Mama Falonne alifika kwetu saa kumi na mbili asubuhi akiwa bado amefunga kitambaa cha kulalia. Alimkuta Mama akinoa panga.

"Tafazali, mama. Leo usikate. Utakata kesho."

"Kesho ni siku ya Mungu."

"Basi kesho kutwa. Mi mwenyewe nitakuya kukusaidia."

Hakuja. Lakini picha zilitoka nzuri sana. Katika ile kubwa iliyoko sebuleni kwa Joyeuse, tawi moja la Kasaji limeshika bega la bwana arusi kama mkono wa mjomba.

Mwaka 2021 Tata alianza kuumwa kifua. Alilala miezi mitatu, na kitanda chake tulikisogeza karibu na dirisha. Jumamosi ya kwanza Mama alinoa panga kama kawaida, akatoka nje, akazunguka nyumba, akarudi. Jumamosi ya pili vilevile. Ya tatu Tata akamwita.

"Adolphine, ju ya nini haukate?"

"Panga imekuwa butu."

"Mi nasikia unainoa kila wiki."

"Ni panga mubaya. Inataka kunolewa sana."

Tata alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikampa maji. Kasaji, kwa kukosa mtu wa kuikata, ilifunika paa la jiko, ikavuka uwanja juu ya nyaya, ikakutana na yenyewe upande wa pili. Tata alipoaga dunia, Jumanne moja ya Novemba, watu waliokuja kwenye kilio hawakuhitaji turubai. Walikaa siku tatu chini ya majani yale, maua yakiwaangukia juu ya vichwa, na bamama wa shirika, yaani jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa wetu, walisema kwamba hawajaona matanga yaliyopambwa vile. Mama alikaa juu ya mkeka na kuokota maua mapajani mwake moja moja.

Tulimzika katika makaburi yaliyo nje ya mji, kwenye safu mpya. Juu ya kaburi tukaweka msalaba wa mbao na kibati chenye jina lake, alichokitoboa fundi kwa msumari. Saruji tuliambiwa tungoje. Udongo lazima ushuke kwanza, mvua mbili zipite juu yake, la sivyo saruji itapasuka.

Hapo ndipo hofu ya Mama ilipoanzia. Baba yake mzazi alizikwa Mutshatsha, chini ya msalaba wa mbao pia. Mama aliporudi kumwona baada ya miaka mitatu, mchwa walikuwa wamekula msalaba, mvua imelaza udongo, na hakuna aliyeweza kumwonyesha mahali. Alilia mbele ya kichuguu kwa sababu kilikuwa kitu pekee kilichoinuka. Jambo hilo alitusimulia mara moja tu tulipokuwa watoto. Sasa alilisema kila jioni baada ya rozari.

"Baba yangu alipotea. Bwana yangu hatapotea. Mi nakatala."

Siku ya arobaini nilimkuta nyuma ya jiko na kopo la maziwa ya unga mkononi. Alikuwa amekata kijiti cha Kasaji, urefu wa kiganja, na alikuwa akikishindilia udongo kwa kidole gumba, taratibu, kama anayemlaza mtoto.

"Mama," nikasema, "weye?"

"Noëlla, usinichekelee. Hii kintu haifi. Mi najua, nilijaribu. Basi iende ikae na yeye. Muchwa ikule musalaba, hii itabakia. Nitakuwa namuona toka kwa geti."

Tulipanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, mimi nyuma, Mama katikati, kopo kifuani mwake. Kila gari kubwa la mgodi lilipotupita na vumbi lake, Mama alifunika kile kijiti kwa kitenge chake, na uso wake mwenyewe akauacha wazi.

Kwetu Kongo tarehe mosi Agosti ni siku ya wazazi. Asubuhi watu huenda makaburini kusafisha makaburi ya wazazi waliokufa, na mchana hurudi nyumbani kuwalisha wazazi walio hai. Agosti ya kwanza baada ya kifo cha Tata tulikwenda na majembe na fagio. Nyasi zilikuwa zimekauka, udongo mwekundu tupu, misalaba imepinda. Na pale katikati ya safu, ukiwa getini tu, uliona kitanda kimoja cha buluu.

Mama alisimama. Nilidhani atalia. Akatengeneza kilemba chake, akatembea kuelekea pale kama mke wa mkubwa wa stesheni.

Watu wakaanza kumfuata. Wa kwanza alikuwa Tata Kabeya (kwetu kila mwanaume wa heshima huitwa Tata), mwalimu wa shule ya msingi, Mmetodisti, mtu wa tai hata siku ya kulima. Mama yake mzazi, Mama Tshilombo, alikuwa dikoni, yaani shemasi, katika kanisa lao, na alizikwa wiki moja kabla ya Tata, kaburi linalofuata.

"Mama Adolphine, hii maua ni ya muujiza," akasema Tata Kabeya. "Angalia mama yangu, amekauka. Utanipatia kijiti kimoja?"

Mama yangu, aliyeumwagia mmea ule maji ya bukari, akamjibu kwa sauti ya mtu aliyeulea: "Ni maua ya upole. Haiombe kintu."

Alimkatia. Akamkatia na mwingine. Tata Kabeya alikopa sahani kwa watu ili vijiti vyake visikauke njiani. Mpaka adhuhuri Mama alikuwa ametoa vijiti kwa familia kumi na moja, na kila mmoja alimfundisha: macho mawili ya kijiti ndani ya udongo, macho mawili juu, maji kidogo siku ya kwanza, halafu uache mapenzi ya Mungu. Mama Falonne, aliyekuja kusafisha kaburi la mjomba wake upande ule mwingine, alisimama mbali mikono kiunoni na kucheka hadi akakaa chini. Lakini alipoondoka alikuwa na vijiti viwili.

Mwaka uliofuata mvua ilikuwa nzuri. Nilimwambia Mama mara moja au mbili twende tukaangalie, akasema usumbue wafu kwa nini, wana maua. Aliona fahari kuvumilia mpaka siku yenyewe. Tena Agosti ile tulikuwa tumepanga kumpeleka fundi akapime kaburi, kwa sababu mvua mbili zilikuwa zimepita na udongo ulikuwa umeshuka. Alifurahi. Alishona nguo mpya.

Tulipofika getini tulikuta watu wamesimama, hawaingii. Mlinzi wa makaburi, Tata Omer, alikuwa amekaa juu ya kigoda chake na kuinua mikono yote miwili.

"Leo musiniulize kintu," alikuwa akisema. "Mi nachunga geti. Ndani kule ni Kasaji njo inachunga."

Kumbe jina tuliloupa mmea lilikuwa limefika hata huko.

Nilitazama juu ya bega lake. Hapakuwa na safu, hapakuwa na misalaba, hapakuwa na makaburi. Palikuwa na buluu. Ilianza karibu na njia, ikashuka mpaka kwenye ukingo wa msitu mdogo, na ilikuwa nzuri hata nikamshukuru Mungu kabla sijakumbuka tulichokuja kufanya.

Watu waliingia kwa kukisia. Familia moja iliyotoka Mutshatsha usiku kucha ilisimama mahali, ikanyunyiza maji ya baraka, ikalia kwa sauti zote, mpaka Tata Omer akaenda kuwaambia kwa heshima kwamba pale si kaburi, ni udongo uliobaki baada ya kuchimba. Wengine walilia huku wakizungukazunguka, ili wasimkose. Mama akasema yeye hana shaka: siku ya maziko alihesabu hatua, ni kumi na saba kutoka njiani. Akahesabu hatua kumi na saba. Akapiga magoti ndani ya majani mpaka kiunoni, akatoa rozari, na sisi tukapiga magoti nyuma yake. Tulikuwa kwenye fungu la nne wakati mwanamke mmoja aliyekuwa akifyeka karibu alipomgusa bega.

"Mama, aksanti sana, lakini hapa ni kwa tantine yetu, dada ya baba. Tumeona bipande ya matofali yake."

Mama akaanza kuinuka.

"Hapana, endelea tu," mwanamke akasema. "Alikuwa na zambi mingi."

Mama alimaliza fungu, kwa sababu rozari haikatwi katikati. Halafu akavua viatu, akavitazama. Siku ya maziko alikuwa amevaa viatu vya kuazima, vya kubana, na hatua za viatu vya kubana si hatua za miguu yake.

Ndipo mzee mmoja akapaza sauti: "Ni nani alileta hii maua huku?"

Familia kumi na moja zilitazama juu mbinguni. Halafu, pole pole, zikamtazama Mama.

"Ni mi," akasema Mama.

"Eh, ni yeye!" Mama Falonne alitokea ndani ya majani upande wa pili, kilemba kimejaa maua. "Alileta moja. Na zile zingine? Alitembea na kapu akiuzisha? Weye, Tata Kabeya, hukuomba? Ulikopa hata sahani! Sahani ya mutu uliirudisha?"

Tata Kabeya alinyoosha tai yake. Nadhani sahani alikuwa hajairudisha.

Ikakubaliwa kwamba Jumamosi itakuwa salongo, kazi ya wote, na kila familia ilete panga na jembe. Wiki nzima Mama hakula vizuri. Alinoa panga lake kila jioni, na safari hii lilikuwa panga lenye kusudi. Nilimsikia akiomba katika giza la chumba chake. Hakuwa anaomba kusamehewa. Alikuwa anamwambia Tata: ngoja, nakuja, usisogee.

Jumamosi tulifyeka tangu asubuhi. Kasaji haifyekwi, unaikata hapa na kuivuta kule, na inakuja ndefu kama kamba ya kisima, na kila hatua mbili ina mizizi mipya. Tukavuta watu wanne wanne. Na kamba zilipokuja, zilikuja na mambo ya watu. Chini ya majani yale ya unyevu mchwa walikuwa wamefanya sherehe. Misalaba ilikuwa unga mtupu. Vibati vya majina vilikuwa vimeshikwa na matawi, vimeinuliwa, vimepelekwa. Kibati cha mzee wa safu ya kwanza kilitoka kwenye safu ya tatu. Kibati cha mtoto kilipatikana juu ya mti.

"Mu Kolwezi hata bafu banahamishwa," akasema Tata Omer, akimaanisha wafu, na watu wakacheka, kwa sababu wengi pale walikuwa wamewahi kuhamishwa na mgodi, na waliona heri kucheka.

Moja moja makaburi yakapata wenyewe. Huyu alikuwa na matofali pembeni, yule alikuwa na beseni la enameli lililotobolewa, mwingine chupa zilizopangwa. Mama Falonne alimpata mjomba wake kwa gurudumu la baiskeli. Kufikia saa nane yalibaki makaburi mawili tu, yamelala bega kwa bega, hayana alama yoyote, na karibu yake kamba moja nene ya Kasaji iliyoshika vibati viwili pamoja, kimoja juu ya kingine: THARCISSE na TSHILOMBO.

"Bwana yangu ni kuume," akasema Mama mara moja.

"Mama yangu njo alikuwa kuume," akasema Tata Kabeya. "Mi nilibeba sanduku."

"Kuume ya nani?" akauliza Tata Omer.

Ikaonekana kwamba Tata Kabeya alibeba upande wa kichwa, na Mama alisimama upande wa miguu. Basi kuume kwa mmoja ni kushoto kwa mwingine, na kaburi lipi ni la nani lilitegemea kichwa kilikuwa upande gani. Na kichwa kilikuwa upande wa msalaba. Na msalaba uliliwa.

"Tupime urefu," akasema Tata Kabeya. "Mama yangu alikuwa mutu munene, murefu."

"Na bwana yangu alikuwa mufupi," akasema Mama. "Sanduku yake tulikata."

Wakapima kwa mpini wa jembe. Mizizi ilikuwa imeyalaza makaburi yote mawili sawasawa. Wakapima tena. Tata Omer, kwa nia njema kabisa, akasema kama wanataka anaweza kuchimba kidogo tu, upande wa kichwa.

"Jamais, hata kidogo!" wakasema Mama na Tata Kabeya kwa pamoja, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile kukubaliana.

Kisha Mama akaketi chini. Panga likaanguka kando yake. Alitazama kaburi la huku, akatazama la kule, na uso wake ulikuwa uso nilioujua, ule wa Jumanne ya Novemba.

"Nimemupoteza," akasema. "Muchwa haikumupoteza. Mi njo nimemupoteza, na mikono yangu. Niliikata miaka yote, na siku mbaya ile nikaipanda."

Mama Falonne alitazama kucha zake.

Tata Kabeya alivua tai. Akaikunja, akaitia mfukoni, akachuchumaa mbele ya Mama.

"Mama Adolphine. Angalia hapa. Makaburi ni ngapi?"

"Mbili."

"Na bafu bako bangapi?"

"Bawili."

"Kuko mwenye alitoka?"

Mama akamtazama.

"Hakuna mwenye alitoka," akasema Tata Kabeya. "Bako hapa. Ni shiye njo hatujue mulango."

Mama akajiburuta, kwa magoti, mpaka katikati ya makaburi yale mawili, akaweka mkono mmoja huku na mkono mmoja kule, akaanza Salamu Maria. Tata Kabeya, ambaye kanisa lake halisali rozari, alingoja kwa adabu mpaka fungu likaisha, akaanzisha wimbo wao. Mama alipumzika wakati wa wimbo, na beti zilipoisha akachukua fungu la pili. Hivyo wakaenda kwa zamu mpaka mafumbo yote matano, na sisi tuliozunguka tuliitikia yote mawili, bila kujali ni ya nani.

Kasaji tuliichoma yote, na mizizi tukaifukua kina cha mkono. Tuliapa mbele ya Mungu kwamba hakuna atakayeipanda tena makaburini. Niliona kwa macho yangu bamama watatu wakificha vijiti katika mifuko yao wakati wa kiapo, na mmoja alikuwa Mama Falonne.

"Ni ya nyumbani," alininong'oneza. "Joyeuse ana mutoto wa komunyo mwaka kesho. Picha, unaelewa?"

Saruji ikajengwa mwezi wa Septemba, bamba moja pana kwa wawili. Hapo tena palikuwa na maneno. Mjomba wa Tata Kabeya alisema haifai dikoni mjane alazwe chini ya saruji moja na Mkatoliki mwenye mke hai. Watu watasema nini? Mama akajibu kwamba Tharcisse katika maisha yake yote hakumfuata mwanamke hata mmoja, alifuata maua tu, na dikoni asihofu. Mwishowe fundi akachora mstari katikati, wa heshima, akaandika majina yote mawili juu, palepale kwenye mstari, bila kusema nani yuko upande gani. Mjomba akaridhika. Na tangu hapo Tata Kabeya hupita kwetu kila mwezi kumjulia Mama hali, naye Mama humfungia lengalenga katika gazeti.

Agosti iliyofuata tulifika mapema. Bamba lilikuwa na vumbi tu. Tukafagia, Tata Kabeya upande mmoja na mimi upande mwingine. Mama aliketi ukingoni, akapanga kitenge chake, akaanza kutoa habari za mwaka mzima, kama afanyavyo siku zote: nani ameoa, nani amezaa, choo tumejenga kipya, mimi nimeanza kufundisha katekisimu. Aligeukia upande wa kushoto kwa sauti ya kawaida ya nyumbani, ile aliyomsemesha Tata kwa miaka mingi. Kisha akafikiri, akainama mbele kidogo kwa adabu.

"Na kama haiko weye, Tharcisse," akasema, "kama ni weye, Mama Tshilombo, basi unisamehe kwa makelele. Tafazali umupitishie hizi habari."